Mchwa wamefika kwenye fremu ya mlango: je, nibomoe sakafu?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nyumba yetu iko Kibaha, vyumba vitatu, mita 10 kwa 12, huu ni mwaka wa tatu tangu tuhamie. Mwezi wa nne, baada ya mvua kubwa, kumbikumbi walijaa sebuleni. Wiki chache baadaye nikaona mstari wa udongo umepanda kwenye fremu ya mlango wa chumba cha watoto. Niliukwangua, nikapaka rangi upya. Umerudi, na sasa nikibonyeza fremu kidole kinazama. Fundi wetu alimwaga dizeli na kupaka oili chafu. Wakapotea wiki mbili, halafu wakatokea ndani ya kabati la ukutani. Jirani anasema kuna kichuguu nyuma ya kiwanja, tukimtoa malkia yataisha. Kijana mmoja ameniletea dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, anasema ni ile sumu ya zamani, nikimwaga mara moja nimemaliza kwa miaka 20. Tuna kisima kifupi kama mita 8 kutoka kona ya nyumba, ndicho tunachokitegemea, na mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu analala chumba kile. Naogopa kenchi zitaliwa. Tena tunataka kuongeza chumba na choo upande wa nyuma. Je, ni lazima nibomoe sakafu? Na mtoto aendelee kulala mle?"*

Dada yangu, nianze na majibu mawili unayoyahitaji leo. Sakafu usibomoe. Na ile chupa usiifungue, usiimwage popote, wala usiiweke jikoni au mahali mtoto anapofika. Ifunge kwenye mfuko, iweke juu, nje ya nyumba, palipofungwa kwa kufuli. Sababu nitazieleza.

Naona hofu yako kubwa ni kwamba nyumba inaliwa usiku na mchana na kesho utaamka kenchi zimekuangukia. Mchwa hawaendi kwa kasi hiyo. Fremu inayozama kidole imeliwa kwa miezi mingi, pengine tangu mwaka wa kwanza, wakati wewe unaona rangi inang'aa tu. Kwa hiyo unazo siku na wiki za kufanya kazi hii vizuri. Usichonacho ni mwaka mwingine wa kuwakwangua na kupaka rangi juu.

Kumbikumbi uliowaona mwezi wa nne siyo waliokula fremu. Wale ni madume na majike wenye mbawa, wanatoka kwenye kiota kilichokwisha komaa, wanaruka mara moja mvua zikianza, wanadondosha mbawa, wanakamatana wawili wawili na kujichimbia. Wengi huliwa na ndege, vyura, kuku, na watu pia. Jozi chache zinazopona huchukua miaka kabla ya kuwa na jeshi la kuweza kuharibu nyumba. Ila kuna jambo moja nataka ulikumbuke vizuri: waliingia kupitia dirishani wakifuata taa, au walichomoza kwenye ufa wa sakafu au ukuta? Kama ni taa, hiyo ni hali ya kila nyumba yenye umeme msimu wa masika. Kama walichomoza ndani, basi kuna njia iliyo wazi kutoka kiotani hadi sebuleni kwako, na mahali pale pawe pa kwanza kuonyeshwa mtu atakayekuja kukagua.

Sasa tuingie kwenye kiini cha mambo. Mchwa mfanyakazi ni mdudu laini, mweupe, asiye na macho ya maana, na ngozi yake haizuii maji yasipotee mwilini. Akikaa kwenye hewa kavu na jua anakauka na kufa haraka. Tena ana maadui, hasa sisimizi na siafu. Ndiyo maana hajitokezi hadharani. Anajenga ule mstari wa udongo uliouona, ambao kwa kweli ni bomba: ndani yake kuna unyevu, giza na usalama, na wafanyakazi wanapita humo wakienda na kurudi, wanapeleka mbao iliyotafunwa chini ardhini. Udongo ule wameuchimba chini, wakauchanganya na mate yao na kuupandisha chembe kwa chembe.

Na hawapeleki chakula cha kula moja kwa moja. Mchwa wengi wakubwa wanaojenga vichuguu huku kwetu ni wakulima wa kuvu. Ukivunja kichuguu utakuta vitu kama sponji, vyepesi, vyenye matundu. Hizo ndizo bustani zao. Mbao na majani makavu vinageuzwa mbolea ya kuvu, na kuvu ndicho kinachowasaidia kuumeng'enya ule ugumu wa mti. Uyoga mkubwa mtamu unaochipuka kwenye vichuguu baada ya mvua umetokana na kuvu hichohicho. Nakueleza haya ili uone kwamba fremu yako ni shamba tu la kukusanyia mali ghafi. Maisha ya mchwa hao yako chini ya ardhi, pengine mita nyingi kutoka nyumbani kwako, na kila kipande cha fremu lazima kishuke tena ardhini. Ukikata njia hiyo ya kupanda na kushuka, waliobaki juu watakauka na kufa. Hili likieleweka, mengine yote yanaeleweka.

Njia yenyewe wameipata wapi, na nyumba ina sakafu ya zege? Hapa lawama ni za ujenzi wetu wa kawaida. Tunajenga msingi, tunajaza kifusi katikati, tunashindilia, tunamwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Zege likikauka linasinyaa kidogo, na kule linakokutana na ukuta panabaki mwanya mwembamba unaozunguka kila chumba. Huuoni, kwa sababu juu yake kuna sakafu ya saruji au vigae. Mwanya wa unene wa sarafu unawatosha. Mchwa wanapanda hapo, na mlangoni wanakuta miguu ya fremu ambayo fundi aliizamisha ndani ya zege ili isimame imara. Mara nyingine hali ni mbaya zaidi: chini ya jamvi kumeachwa vigingi, vipande vya mbao za kufungia zege, mifuko ya saruji, visiki vya mikorosho. Nimefumua sakafu za nyumba mpya na kukuta mbao nzima ndani ya kifusi. Huko ni kuwaandalia mchwa chakula mlangoni kabla mwenye nyumba hajahamia.

Ndiyo maana dizeli haikusaidia. Dizeli inaua mchwa inaowagusa, na harufu yake inawafukuza kwa muda. Oili chafu inakaa juu ya mbao, haizami ndani. Wafanyakazi waliokuwa nyuma wakakuta njia imeharibika, wakatafuta mwanya mwingine mita moja pembeni, na huo ukawa kabatini. Zile wiki mbili unazosema walipotea, walikuwa wanajenga njia mpya mahali usipopaona. Oili chafu ya injini ina madini mazito yasiyofaa karibu na mtoto anayetambaa na kushika kila kitu, inarahisisha moto, na ikimwagwa ardhini karibu na kisima inaweza kufika majini. Chumvi nayo nimeulizwa sana. Haina msaada wa maana, na inaharibu saruji na nondo. Majivu yanawazuia kwa siku chache yakiwa makavu, mvua ya kwanza inayaondoa.

Kuhusu malkia, jirani yako hakosei kabisa, na ndiyo sababu ushauri huu unaendelea kuaminiwa. Malkia wa mchwa wa vichuguu ni kweli anataga maelfu ya mayai kila siku, na bila yeye kichuguu kinadhoofika. Lakini kabla hujamlipa mtu kuchimba, jiulize kama kichuguu kile ndicho kinachokula nyumba yako. Mchwa wa kichuguu kimoja wanaweza kutafuta chakula makumi ya mita pande zote, na ardhini kuna viota vingine visivyo na kichuguu chochote juu. Kwanza toboa tundu dogo kwenye kichuguu jioni, uangalie asubuhi. Kama limezibwa kwa udongo mbichi, kiko hai. Halafu linganisha rangi ya udongo wa kichuguu na ule wa kwenye fremu yako. Si ushahidi kamili, lakini udongo mwekundu wa chini na mchanga wa kijivu wa juu haufanani, na tofauti kubwa inakuonyesha kwamba huenda unamfukuza asiyehusika. Hata akitolewa malkia, wafanyakazi waliopo wataendelea kula kwa miezi, na aina nyingine za mchwa huweza kupata malkia wa akiba. Kuchimba kichuguu kilicho ndani ya kiwanja chako ni kazi ya ziada inayofaa, hasa kama unataka kujenga upande huo. Haiwezi kuwa kinga ya nyumba, kwa sababu hutachimba viwanja vya majirani wote.

Sasa ile chupa. Wazee wanaosifu sumu za zamani hawasemi uongo. Aldrini, dieldrini, klordani na heptaklori zilikaa ardhini miongo mingi na mchwa hawakupita. Lakini kilichozifanya zisife ardhini ndicho kilichozifanya zisitoke miilini: zinajikusanya kwenye mafuta ya mwili wa samaki, wa ng'ombe, wa mama, na zinapita kwenye maziwa anayonyonya mtoto. Kwa sababu hiyo dawa zote hizo nne ziliwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya kimataifa ya kuondoa sumu zinazodumu, uliotiwa saini mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004, na Tanzania ni mmoja wa wanachama wake. Klorpirifosi, ambayo imeuzwa sana kama dawa ya mchwa na ina harufu kali inayokaa ndani ya nyumba, nayo iliongezwa kwenye mkataba huo mwaka 2025. Hofu kubwa juu yake ni ubongo wa mtoto unaokua. Mimi sijui kilichomo kwenye chupa yako, na kijana aliyeileta hajui pia. Ndiyo hatari yenyewe. Dawa isiyo na lebo haina kipimo, haina maelekezo ya kumsaidia aliyeinywa, na imewekwa kwenye chupa ambayo mtoto wa mwaka na nusu anaijua kuwa ni ya maji. Mpigie afisa kilimo wa kata au ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, uulize pa kuipeleka. Usiirudishe kwa aliyekuuzia, ataiuza kwa mwingine.

Tufike kwenye tiba. Dawa halali za udongo zinazopatikana ziko za namna mbili, na tofauti yake ni ya msingi. Kuna zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, kama bifenthrini. Hizi mchwa anazihisi, anageuka. Zinafanya kazi kama ukuta, na ukuta wenye tundu moja lisilotiwa dawa ni ukuta wenye mlango. Halafu kuna zisizohisiwa, kama fipronili na imidaklopridi. Mchwa anapita ndani ya udongo uliotiwa dawa bila kujua, hafi papo hapo, anarudi kwa wenzake, na kwa kuwa mchwa hulambana na kulishana, sumu inasambaa. Kwa nyumba ambayo tayari ina watu na ina sakafu, ambako huwezi kuhakikisha umefika kila mahali, naegemea kundi hili la pili. Lakini lina sharti: usiwapulizie kwanza dawa ya mbu ya kopo, na usikwangue zile njia za udongo kabla ya siku ya kazi. Tunataka wawe wanapita.

Sakafu haivunjwi, inatobolewa. Mtu mwenye vifaa anapiga matundu ya unene wa kidole kidogo, umbali wa sentimita 30 hivi, kufuata ukuta kwa ndani, hasa penye mlango, kabati, na mabomba ya maji yanapoingilia. Dawa iliyochanganywa inaingizwa kwa msukumo chini ya jamvi, kisha matundu yanazibwa kwa saruji. Kama una vigae, anatoboa kwenye maungio ya vigae. Nje unachimbwa mfereji mwembamba kuzunguka msingi, udongo unatiwa dawa na kurudishwa.

Kiasi ndicho kinachowatofautisha mafundi, na hapa nataka uwe na hesabu yako mwenyewe. Kanuni ya jumla kwa mfereji ni lita 5 hivi za mchanganyiko kwa kila mita ya urefu, kwa kila kina cha sentimita 30. Nyumba yako ina mzunguko wa mita 44. Zidisha kwa 5, unapata lita 220 kwa nje peke yake kama ungezunguka yote, na bado hujagusa ndani. Mtu akija na bomba moja la mgongoni la lita 16, akanyunyiza juu ya udongo kuzunguka nyumba kwa nusu saa na kukupa karatasi ya dhamana ya miaka 10, amelowanisha vumbi tu. Na dhamana ya namna hiyo isikulaze usingizi. Kwenye joto na mvua za pwani dawa ya udongo inadumu miaka kadhaa, kisha inachoka. Hakuna halali inayodumu 20.

Kisima chako kinabadilisha mpango, na hapa nakuomba usikubali haraka ya mtu yeyote. Kibaha mna mchanga mwingi, maji yanazama haraka, na kisima kifupi kinakusanya yanayozama karibu nacho. Kwa upande wa nyumba unaotazama kisima, dawa isiingizwe kwa msukumo ardhini, wala isimwagwe mferejini. Kuna njia nyingine: udongo wa mferejini unatolewa wote, unawekwa juu ya nailoni nzito, unatiwa dawa hapo juu, unachanganywa na kuachwa uinywe mpaka hakuna kinachochuruzika, ndipo unarudishwa mferejini uliotandikwa nailoni. Ni kazi ya jasho lakini dawa inabaki ilipowekwa. Lebo ya kila dawa inataja masharti yake ya vyanzo vya maji, na kama inasema umbali wako hautoshi, basi upande ule hautiwi dawa kabisa. Utalindwa kwa macho: ukuta uliosafishwa, unaokaguliwa. Afadhali fremu moja iliwe kuliko maji mnayokunywa yaharibike. Kazi isifanywe siku yenye dalili ya mvua, na kuku wafungiwe mpaka udongo uliorudishwa umekauka na kushindiliwa, maana watachakura palepale. Fipronili pia ni mbaya sana kwa nyuki na samaki, kwa hiyo ndoo na mabomba yasioshewe kisimani wala mtaroni.

Pengine umesikia vituo vya chambo, vile vinavyofukiwa kuzunguka nyumba ili mchwa wale na kupeleka sumu kiotani. Huko Marekani vimetumika tangu miaka ya 1990 na vimefanikiwa. Wazo lake ni zuri mno kwa mtu mwenye kisima. Ila viliundwa kwa kulenga mchwa wa huko, wanaokula mbao moja kwa moja. Hawa wetu wanaolima kuvu hawakipokei chambo kwa uhakika uleule, na vinahitaji mtu wa kuvifuatilia miezi mingi. Ukimpata anayevifanyia kazi kwa dhati na kuvikagua, jaribu. Usivitegemee peke yake.

Fremu iliyoliwa itolewe, lakini baada ya udongo kutibiwa. Mahali pake unaweza kuweka ya chuma, mradi nyuma yake pajazwe saruji kabisa. Fremu ya chuma yenye uwazi ndani ni barabara iliyofichwa. Ukipenda mbao, mvule, mkongo au mninga ni imara, kwa sharti kwamba ni kiini cha mti. Ile mbao nyeupe ya nje ya gogo inaliwa hata kama mti wenyewe ni mninga. Msonobari mtupu usiuzamishe kwenye zege hata siku moja. Na mbao za kijani zinazouzwa kuwa zimetiwa dawa, kata kipande uangalie ndani. Kama ukijani ni ngozi tu na ndani ni nyeupe, zimechovywa. Zilizosukumiwa dawa kwa mtambo ukijani unaingia ndani. Nasisitiza jambo moja ambalo halisemwi madukani: mabaki ya mbao hizo usiyachome jikoni wala kwenye mkaa. Dawa ya kijani ya zamani ina shaba, kromu na aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu kwenye chakula.

Kenchi zako sasa. Mchwa wa ardhini wakifika darini wamepitia ndani ya nyumba: kwenye matundu ya tofali, nyuma ya fremu, kwenye mabomba ya nyaya za umeme. Kwa hiyo tiba ya chini ndiyo inayozilinda kenchi, isipokuwa bati likivuja na mbao za juu zikawa na unyevu wa kudumu. Hapo wanaweza kujishikiza juu bila kutegemea sana ardhi. Panda mwenyewe au mtume mtu na tochi na bisibisi. Achome kenchi pale zinapokaa juu ya ukuta, kila moja, siyo moja mbili. Asikilize mlio wa utupu akigonga. Akikuta mbao inayozama bisibisi, au dari imebonyea, au milango ya chumba hicho imeanza kugoma kufunga bila sababu, mwite fundi paa mzoefu au mhandisi aione kabla ya mtu wa dawa. Dawa haiirudishii nguvu mbao iliyoliwa.

Akiwa huko juu, aangalie pia kama kuna chembechembe ndogo ngumu kama mbegu, zimelundikana chini ya mbao, bila udongo wowote. Mwambao wetu una mchwa wa aina nyingine anayeishi ndani ya mbao kavu, hana haja na ardhi. Huyo anajulikana kwa kinyesi hicho, na anapenda samani, milango na kenchi. Dawa ya udongo haimgusi hata kidogo. Anahitaji mbao husika ikatwe itolewe, au ichomwe sindano ya dawa, au itiwe dawa ya boroni inayopenya ndani ya mti. Nimeona watu wakilipia udongo mara mbili, tatu, kumbe adui yuko kwenye kitanda.

Chumba mnachotaka kuongeza ndicho nafasi yenu nzuri kuliko zote, maana kinga kabla ya zege ni rahisi na inafika kila mahali. Ng'oeni mizizi yote, msiache kipande cha mbao ndani ya kifusi. Kifusi kikishashindiliwa, udongo wote wa ndani unatiwa dawa, karibu lita 5 kwa kila mita ya mraba. Chumba na choo vya mita za mraba 20 ni lita 100. Nailoni itandikwe na zege limwagwe siku hiyohiyo ikiwezekana, kabla jua na mvua havijaiharibu dawa. Mabomba ya choo yazibwe vizuri kuzunguka yanapotokea. Palipo na maungio ya nyumba ya zamani na mpya ndipo mchwa watakapojaribu kwanza, kwa hiyo hapo msifanye kazi ya harakaharaka. Sharti la kisima ni lilelile: pimeni umbali wa chumba kipya kabla hamjanunua dawa. Na huko Australia na Hawaii wanatumia tabaka la kokoto ndogo zilizochekechwa, chembe za milimita 2 hivi, kubwa mno kwa mchwa kuzibeba na zimebanana mno asiweze kupita katikati. Ukisikia mtu anakuuzia mchanga wa kawaida kwa jina hilo, kataa. Ukubwa wa chembe ndiyo siri yote.

Nje ya nyumba, hakikisha sentimita 15 za msingi zinaonekana kuzunguka pande zote. Maua yaliyopandwa yakigusa ukuta, udongo uliolundikwa, kuni na mbao zilizoegemezwa, maji ya bafu yanayotuama, vyote ni daraja la kuvuka dawa uliyoilipia. Nilikagua nyumba moja iliyotibiwa vizuri kabisa. Mwaka uliofuata mwenyewe akajenga bustani ya matofali chini ya dirisha na kuijaza udongo mpya mpaka juu ya msingi. Mchwa walipita juu ya dawa yote, wakaingia dirishani.

Mtu wa dawa mtake akuonyeshe kibali chake, chupa iliyofungwa yenye lebo na namba ya usajili, na hesabu ya lita kwa mita zako. Mpeleke kisimani kabla ya kufungua chochote. Kama hakuuliza mwenyewe kuhusu maji, wala kuhusu watoto, mshukuru na umtafute mwingine.

Na mtoto. Mchwa wenyewe hawamdhuru, hawaumi waliolala wala hawaleti ugonjwa, kwa hiyo kwa ajili yao tu angeweza kulala mle. Ninachokiogopa ni ile oili na dizeli kwenye fremu na sakafu, sehemu anayoshika na kulamba. Usiku wa leo mhamishie chumba kingine. Pafute kwa kitambaa, sabuni ya unga na maji ya moto, mara mbili tatu, madirisha yakiwa wazi, kitambaa utupe, na yale maji usiyamwage upande wa kisima. Siku ya dawa familia yote itoke, chakula na vyombo vifunikwe au vitolewe, na mrudi baada ya muda ulioandikwa kwenye lebo, sakafu ikiwa imekauka na kupigwa deki. Siku tatu baada ya hapo vunja kipande kidogo cha ile njia ya udongo kabatini, kama urefu wa kidole, uache. Kisipozibwa ndani ya wiki mbili, fundi aje atoe fremu. Kikizibwa, mwite aliyetia dawa arudi na drili yake palepale, kabla hujamlipa sehemu ya mwisho.